Siku Moja Pwani kwa Karavani na Baiskeli: Mwongozo Kamili

Pwani ina tabia inayotawala siku nzima: alfajiri hewa hutulia, jua likipanda upepo huamka, alasiri hukaza, na magharibi hulegea. Utulivu huo wa asubuhi ni mmoja, lakini wanaougombania ni wawili. Karavani inautaka kwa sababu ubavu wake mpana hupokea upepo wote unaokata barabara. Mwendesha baiskeli naye anautaka, maana upepo wa mbele humla nguvu kila kilomita. Nani apewe? Jibu langu ndilo lililoupanga mwongozo huu wote: kama karavani bado haijafika pwani, asubuhi ni yake, na baiskeli itasubiri. Kama ililala pwani tangu jana, asubuhi ni ya baiskeli, nawe ziruke hatua za kukokota uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kuendesha.

Karavani ninayoizungumzia ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, yenye vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Kama yako ni gari lenye nyumba ndani yake, habari za kuunganisha na kuyumba hazikuhusu, lakini za upepo, maji na chumvi zinakuhusu kama kawaida.

Jioni ya kabla: soma upepo na maji

Watu wengi huanza kupanga kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Mimi nasema kilomita zije mwisho.

Anza na upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa iliyo juu yake ikipashwa moto hupanda, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi huingia kushika nafasi yake. Siku ya jua, upepo huu huanza kusikika mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hufikia kilele kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kisha hulala jioni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kuliko maji, na upepo huvuma kuelekea baharini. Siku ya mawingu mazito, au ukiwapo upepo mkubwa wa msimu, utaratibu huu huvurugika. Kwa hiyo soma utabiri jioni, usome tena alfajiri, na usitazame kasi ya wastani peke yake. Kinachosukuma karavani nje ya mstari ni yale mapigo ya ghafla, na utabiri mzuri huyataja kando.

Kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1805, kinafaa hadi leo kwa kuwa hakihitaji kifaa zaidi ya macho. Daraja la 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, huinua vumbi na karatasi na kuchezesha vitawi. Daraja la 5, kilomita 29 hadi 38, huyumbisha miti midogo yenye majani. Daraja la 6, kilomita 39 hadi 49, huchezesha matawi makubwa, na mwavuli haushikiki. Kwangu, daraja la 5 ni mwisho wa baiskeli za starehe, na daraja la 6 ni amri ya kutoiondoa karavani ilipo.

Kwa nini upepo unaoonekana mdogo humchosha sana mwendesha baiskeli? Ukienda kilomita 15 kwa saa siku shwari, unakutana na hewa ya kilomita 15 kwa saa. Ukiukabili upepo wa kilomita 20, unakutana na hewa ya kilomita 35. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo, hivyo mwili wako hukabili ukinzani uliozidi mara tano. Ndiyo maana safari ya kwenda na kurudi huanza upande upepo unakotoka, miguu ikiwa mipya, ili wakati wa kurudi upepo ukusukume. Anayeanza kwa kusukumwa hujiona hodari, akaenda mbali kupita kiasi, na deni hulipwa wakati wa kurudi.

Kumbuka pia kwamba upepo wa mchana hutoka baharini, nawe unakwenda sambamba na ufuko, kwa hiyo mara nyingi utakupiga ubavuni. Hapo hatari ipo kwenye mapengo: unatoka nyuma ya ukuta, kichaka au kilima cha mchanga, na ghafla unasukumwa upande wa nchi kavu.

Kisha maji. Kama njia yako haigusi ufuko wala barabara inayofunikwa na maji, aya mbili zinazofuata unaweza kuziruka. Kama inagusa, hizi ndizo muhimu kuliko zote.

Mahali pengi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25. Saa za jana basi hazifai leo, kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Zipo pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku, na zipo bahari kama Mediterania na Baltiki ambako tofauti ni ndogo mno. Jedwali la maji la mahali penyewe ndilo mwamuzi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa bamvua, hujaa sana na kupwa sana: ufuko hupanuka mno kwa muda, kisha hutoweka wote. Karibu na robo za mwezi maji huwa mafu, na mabadiliko ni madogo.

Kadirio la haraka ni la mafungu kumi na mawili. Gawa tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo watu hunaswa, kwani saa mbili za mwanzo huwadanganya kwamba bahari haina haraka. Ingia mchangani saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, na uwe umeshatoka ifikapo saa ya pili baada yake. Kama saa hizo haziangukii wakati unaoutaka, acha mchanga upite barabarani. Bahari haijadiliani.

Sasa ndipo uje kwenye kilomita. Mtu wa kawaida kwenye njia tambarare huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa magurudumu yakizunguka, na pwani ina mambo mengi ya kusimamisha magurudumu. Kilomita 30 zihesabu saa tatu na nusu. Kama mko wengi, upo ujanja mzuri: mmoja aanze na gari, bila karavani, hadi mwisho wa njia, wengine waende kwa baiskeli, na huko wabadilishane. Kila mmoja anaendesha upande mmoja tu, nanyi mnaweza kuchagua upande wenye upepo wa nyuma kwa aliye dhaifu zaidi.

Uzito: baiskeli zikae wapi?

Safari nyingi za karavani na baiskeli huharibikia hapa, na mara nyingi mwenyewe hajui.

Karavani ina bamba linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wake ikiwa tupu, upate nafasi iliyobaki. Tuchukulie inaruhusiwa kilo 1,500 na tupu ni 1,250. Umebakiwa na 250. Baiskeli mbili za umeme huchukua karibu 50, maana moja huwa na kilo 20 hadi 28. Ya kawaida ina 10 hadi 15. Betri ya karavani, mtungi wa gesi, turubai la kivuli, viti, vyombo, nguo: haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Maji yana kilo moja kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 40 lisafiri tupu lijazwe mkifika. Kwa asiye na uzoefu, shauri linalokubalika sana Uingereza ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloikokota. Si sheria, lakini ni shauri la busara.

Muhimu zaidi ni uzito wa pua, yaani kile kiasi ambacho mkono wa karavani unakandamiza ndoano ya gari. Ulaya hupendekezwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani. Marekani, ambako trela nyingi zimeundwa tofauti, husemwa 10 hadi 15. Fuata kitabu cha karavani yako. Pua ikiwa nyepesi mno, mkia huanza kucheza barabarani.

Sasa tazama baiskeli zinavyoingia katika hesabu. Karavani ya kilo 1,500 ina uzito wa pua wa kilo 90, yaani asilimia 6, safi kabisa. Ekseli iko mita 4 nyuma ya ndoano. Unafunga kibebeo mkiani na kutundika baiskeli za kilo 50, mita 3 nyuma ya ekseli. Pua inapungukiwa na 50 mara 3 gawa kwa 4, takriban kilo 37. Imebaki 53 kwa karavani iliyofika 1,550: asilimia 3 na ushei. Kwa kuning'iniza baiskeli mbili tu umetoka kwenye usalama ukaingia kwenye kuyumba. Na zile kilo 50 huzidi kuikuza hali hiyo, kwa sababu zikianza kubembea huko mwisho ni vigumu kuzituliza.

Ukizihamishia mbele, juu ya mkono wa karavani, pua inaongezeka kwa kiasi kama hichohicho na kufika karibu kilo 130, na ndoano za magari mengi hazijaruhusiwa kubeba hivyo. 75 hadi 100 ndizo namba zinazoonekana mara kwa mara. Paa la gari nalo lina kikomo chake, na kuipandisha baiskeli ya umeme huko juu ni kuutafutia mgongo maradhi.

Mahali ninapopapenda ni sakafuni ndani ya karavani, juu ya ekseli, magurudumu ya mbele yamefunguliwa, blanketi chini, na mikanda miwili inayoshika fremu isiteleze. Hapo hesabu ya pua haibadiliki. Kweli utafagia mchanga, lakini nani alikwenda pwani akarudi bila mchanga? Betri za baiskeli zitoe zisafiri kwenye gari. Kila moja hupunguza kilo kadhaa, na vifaa vya umeme havipendi kutikiswa.

Pua hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu. Simamisha karavani mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, panga kipande cha mbao kati ya mizani na kikombe cha kuunganishia hadi kimo kiwe sawa na cha ndoano, kisha shusha taratibu usome. Kama namba ni mbaya, sogeza vitu vizito mbele au nyuma ya ekseli kidogo kidogo. Ni kazi fupi, na huijui karavani yako mpaka umeifanya.

Alfajiri: kuunganisha

Lenga kuondoka saa kumi na mbili, au mapema zaidi ambako kunakucha mapema. Kwenye kuunganisha mpangilio una maana, kwa hiyo usiruke namba.

1. Kaza breki ya mkono ya karavani na uweke kabari. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Funga madirisha, tundu la paa na kabati.
2. Rudisha gari, shusha kikombe juu ya ndoano mpaka kijifunge. Kisha, kabla ya kuamini macho, zungusha gurudumu dogo la mbele kana kwamba unainua karavani. Nyuma ya gari ikiinuka nayo, kimefunga. Isipoinuka, rudia.
3. Unganisha waya wa kuvuta breki ya dharura, au minyororo ya usalama, kwa namna sheria ya mahali ulipo inavyotaka. Chomeka waya wa umeme. Waya huo usiburute kwenye lami wala usikazike kwenye kona.
4. Pandisha gurudumu dogo na miguu ya pembeni hadi mwisho, achia breki ya mkono, toa kabari.
5. Mtu mmoja asimame nyuma mkague taa zote. Kama baiskeli zimening'inia nyuma, zisifunike taa wala namba.

Upepo wa matairi pimeni yakiwa ya baridi, kabla ya kutembea. Tairi la karavani huzeeka kabla ya kulika, kwa sababu karavani husimama muda mrefu juani. Tafuta kwenye ubavu wa tairi namba nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Likishavuka miaka mitano lichunguzwe kwa makini. Likifika saba libadilishwe hata kama kashata zake bado ni nzuri. Na kama gurudumu lilifunguliwa hivi karibuni, kaza nati zake tena baada ya kilomita 50 hivi.

Barabarani

Kukokota si kugumu ila kunataka subira. Kona ichukue kwa upana, kwa sababu magurudumu ya karavani hukata ndani kuliko ya gari. Acha nafasi ya kusimama angalau mara mbili ya uliyoizoea. Vioo virefushwe mpaka uone pembe zote mbili za nyuma.

Ukitumia barabara ya pwani, zijue sehemu zinazofungua mlango kwa upepo: madaraja, vichwa vya majabali, midomo ya mito, na pale msitu unapoishia. Punguza mwendo kabla ya kufika. Lori au basi kubwa likikupita, kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta kuelekea kwake. Shika usukani imara bila kupambana.

Karavani ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani moja kwa moja. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kuifukuzia kwa usukani, na usiongeze mwendo kwa kufuata hadithi kwamba utainyoosha. Mwendo ukishuka, kuyumba huisha. Kisha simama mahali salama ujiulize ni nini kimebadilika: uzito, hewa ya tairi, au upepo wenyewe. Ukiendelea bila kujiuliza, itarudi.

Baada ya kilomita 15 au 20 za kwanza, simama ukague mikanda ya baiskeli. Mikanda hulegea mwanzoni mzigo unapokaa. Sogeza pia kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la karavani. Kimoja kikiwa na joto kupita wenzake, breki inashika au beringi inakufa.

Kuegesha, na kuiacha karavani peke yake

Usiegeshe juu ya mchanga laini, hata ukionekana mkavu na mgumu. Tafuta kokoto, saruji au nyasi ngumu. Mstari wa mwani mkavu na vijiti unaonyesha maji ya karibuni yaliishia wapi, lakini bamvua huuvuka, kwa hiyo kaa juu yake kwa umbali wa kutosha. Kichwa cha karavani kielekee upepo unakotarajiwa alasiri, na mlango uwe upande uliokingwa.

Sawazisha kushoto na kulia kwanza, kwa kupandisha gurudumu moja juu ya kabari ya kusawazishia. Kaza breki, weka kabari za kuzuia, tenganisha na gari. Halafu sawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu dogo. Miguu ya pembeni ishushwe mwisho, na kazi yake ni kutuliza tu. Ukiinulia karavani kwa miguu hiyo utaipinda.

Turubai la kivuli ndilo mtego. Saa tatu asubuhi, hewa ikiwa shwari, utalifungua na mtakunywa chai kivulini. Saa kumi alasiri mtakuwa kilomita 15 mbali juu ya baiskeli, na upepo wa bahari utakuwa chini yake ukilinyanyua. Turubai likunjwe kabla ya baiskeli ya kwanza kuondoka, hata kama hakuna jani linalotikisika. Sijali nani atalalamika.

Gesi funga tena. Chaji betri za baiskeli pale penye umeme wa ukuta, mkiwapo na mkiwa macho, mahali pasipo na joto kali. Usitegemee betri ya karavani. Ile ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya risasi na asidi, nusu tu ndiyo ya kutumia, yaani 600. Betri moja ya baiskeli ya wati-saa 500, ukiongeza umeme unaopotea katika kuubadili, itaimaliza, na usiku mtakaa gizani.

Kuendesha

Adhuhuri pumzikeni. Miale ya jua inayounguza ngozi huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na ufukweni inakujia hata kutoka chini: mchanga mkavu huakisi karibu asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la bahari karibu asilimia 25. Kofia peke yake hailindi kidevu wala puani. Nguo nyepesi za mikono mirefu hushinda mafuta yoyote. Palipo wazi paka mafuta ya kujikinga na jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, na urudie kila baada ya saa mbili, kwani jasho huyaosha. Upepo wa bahari utakufanya usihisi kuungua, ndiyo maana watu huungua.

Kwa waliokokota asubuhi, ondokeni saa tisa. Upepo bado uko kwenye kilele lakini utalegea mkiwa njiani, jua linashuka, na mkipanga vizuri mtarudi kabla ya giza. Waliolala pwani waondoke kunapopambazuka, wawe wamerudi ifikapo saa nne. Mahali ambako mchana wa kiangazi ni mrefu, sogeza saa ya alasiri mbele kadiri jua linavyochelewa kuzama.

Ukaguzi wa baiskeli hauzidi dakika chache. Minya breki zote mbili: mkono usifike kwenye usukani. Inua gurudumu ulizungushe: lisigonge wala kuyumba. Magurudumu uliyoyafungua kwa safari ndiyo ya kuangaliwa mara mbili, yakae sawasawa kwenye uma na yakazwe. Jaribu giya zote kabla ya kuondoka, siyo kwenye mlima wa kwanza.

Mfukoni beba tyubu moja ya akiba ya saizi yako, vyuma vya kutolea tairi, viraka, pampu, na kifaa chenye funguo za bolti zote za baiskeli. Mwenye baiskeli ya umeme akague kama gurudumu la nyuma linahitaji spana ya pekee. Mara nyingi linahitaji. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwepo hata mchana. Maji ya kunywa ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwa kila mtu, zaidi kukiwa na joto, na kwa safari inayozidi saa moja na nusu kila mtu ale kitu chenye wanga kabla hajaona njaa.

Njiani, mchanga uliopeperushwa juu ya lami ndio adui asiyeonekana. Uvuke moja kwa moja, bila breki na bila kukata kona. Mbao za madaraja ya watembea kwa miguu zikiwa na maji huteleza vilevile. Penye watu wengi nenda kwa mwendo wa mguu na upige kengele mapema; mtu anayesikiliza mawimbi hakusikii ukija. Upepo ukipiga ubavuni, achianeni nafasi pana kuliko kawaida, pembeni na mbele. Na usikate njia ya mkato juu ya vilima vya mchanga: mimea yake ndiyo inayovishikilia, na ndege na kasa hutaga maeneo hayo.

Mkitaka kuoga baharini katikati ya safari, chagueni penye waogeleaji wengine na walinzi. Mkondo ukikuvuta nje, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, kisha ndipo urudi.

Mchangani

Mchanga unaobeba baiskeli ni ule wenye unyevu, ulioachwa na maji muda mfupi uliopita: mweusi kidogo, usio na maji yanayong'aa juu yake. Mkavu wa juu hukuzamisha, na uliolowa mno karibu na mawimbi hukunyonya. Tairi nene hufanya kazi nzuri. Pana za inchi 4 hutembea vizuri zikiwa na hewa ndogo sana, psi 5 hadi 10. Tairi nyembamba za barabarani ziache nje ya habari hii. Kwa tairi la kati, punguza hewa kiasi, tumia giya nyepesi, kanyaga pedali kwa mzunguko usiokatika, na uache usukani ucheze kidogo badala ya kuubana. Ukipunguza hewa, pampu iwe mkononi kwa ajili ya lami.

Vijito vinavyoingia baharini visikushawishi. Chini yake mchanga ni laini, na kingo zake hukatika. Shuka, ubebe baiskeli.

Tazama saa kila mara. Mkifika wakati mliopanga kurudi, rudini, hata kama nusu ya njia bado.

Chumvi

Mkirudi, jua likiwa chini, wanaoelekea magharibi watakuwa na mwanga machoni, na madereva walio nyuma yao vilevile hawaoni. Washeni taa. Mkifika, kazi haijaisha: chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula chuma usiku kucha, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa.

Mwagia baiskeli maji baridi yasiyo na chumvi kwa kasi ndogo, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kuoshea kwa nguvu hapana, kwani husukuma chumvi na mchanga ndani ya beringi. Sugua mnyororo kwa brashi, ukaushe kwa kitambaa, upake mafuta, uufute tena ubaki mkavu kwa nje. Mafuta ya ziada ni gundi ya mchanga. Kwenye baiskeli ya umeme, kausha vichwa vya waya kabla ya kurudisha betri.

Karavani nayo ioshwe, na watu huosha pale panapoonekana tu. Nenda chini: fremu, ekseli, nyaya za breki, upande wa ndani wa magurudumu. Kikombe cha kuunganishia kioshwe na kikaushwe. Kama kina vipande vya kuzuia kuyumba kwa msuguano, kisipakwe mafuta, wala ndoano yake. Plagi ya umeme ipulizwe, ikaushwe na ifunikwe. Kama mnaondoka kesho asubuhi, achilieni breki ya mkono usiku huo, kabari zikiwa zimekazwa na ardhi ikiwa tambarare kabisa, kwa sababu breki zilizolowa maji ya chumvi zikibaki zimekazwa hushikana. Kabla ya kuingia barabarani, vuta hatua chache na ujaribu breki mara mbili tatu zijifute kutu.